Wasomaji wa Mkondo: Kutoka Mto Simiyu hadi Milango ya Olimpiki

Mwishoni mwa Februari 1875 msafara wa Henry Morton Stanley uliingia Kagehyi, kijiji cha Wasukuma kando ya Ziwa Victoria, upande wa Magu ya leo. Ulikuwa umeondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874. Ulipita Ugogo wakati wa mvua, ukapukutishwa na njaa, homa na mapigano huko Singida, kisha ukateremka Usukuma ambako hatimaye watu walipata chakula cha kutosha. Katika mizigo iliyopanda na kushuka mabegani mwa wapagazi njia nzima kulikuwa na mashua. Iliitwa Lady Alice. Iliundwa Uingereza kwa mbao za mwerezi, ikagawanywa vipande ili ibebeke, na ilipofika Zanzibar vipande vikaonekana vipana na vizito mno kwa njia za porini, ikabidi vipunguzwe. Wanaume waliovibeba walitembea zaidi ya siku mia moja na chombo cha majini katika nchi ambayo, kwa sehemu kubwa, haikuwa na maji ya kukitosha hata kukiloweka.

Katika safari hiyo Stanley aliutazama mto Simiyu na kuutangaza kuwa chanzo cha kusini kabisa cha Nile. Wanajiografia waliomfuata waliipeleka heshima hiyo kwenye mikono ya Kagera, na ni sawa. Lakini hesabu ya msingi haikuwa mbaya. Mvua inayonyesha Maswa, Bariadi na Itilima, ile isiyonywewa na ng'ombe wala kufyonzwa na mashamba ya pamba, huingia mitoni, hufika Simiyu, humwagika Ghuba ya Speke na kuchanganyika na ziwa. Ziwa lenyewe hujazwa zaidi na mvua inayolinyeshea moja kwa moja, na sehemu kubwa ya maji yake hupaa kama mvuke. Kinachobaki kina mlango mmoja tu wa kutokea, nao uko Jinja, Uganda. Kwa hiyo sehemu ya maji ya masika yanayopita jirani na kata ya Ipililo, wilayani Maswa, hupata nafasi ya kuvunjikavunjika juu ya miamba ya Busoga, mahali ambapo vijana wa Afrika Mashariki walijifunza kuyachezea kwa kayaki.

Mchezo ninaouzungumzia ni slalomu ya mitumbwi: mtu mmoja ndani ya chombo chembamba, anateremka maji ya kasi huku akipita kati ya nguzo zinazoning'inia, akishindana na saa. Tanzania haijawahi kupeleka mshindani wa slalomu kwenye Michezo ya Olimpiki. Afrika imewahi, na imewahi kupata medali. Ukiufuatilia mchezo huu tangu enzi za Lady Alice hadi leo, linajitokeza jambo ambalo naliona zito kuliko matokeo ya shindano lolote: ujuzi wa kusoma maji ya kasi ulikuwepo kwa watu wetu mapema sana, ila kazi ya maisha, yaani njia ya kumtoa mtoto kwenye kasia la kwanza hadi kwenye fainali, ilijengwa kwingine.

Nahodha Uledi

Tuanze na mtu aliyestahili kujulikana shuleni. Stanley alipoizunguka Victoria kwa Lady Alice kuanzia tarehe 8 Machi 1875, safari iliyomchukua karibu miezi miwili, kati ya mabaharia wa mashua alikuwamo Uledi, aliyekuja kuwa mshika usukani wake baadaye, mmoja wa wale waliojulikana kama Waungwana, watu wa Zanzibar na pwani waliozungumza Kiswahili na kuubeba msafara mzima mabegani. Ziwani Uledi alikuwa baharia hodari. Mto Kongo ndio ulioonyesha uwezo wake wote.

Mwaka 1877 msafara ulifika kwenye mfululizo wa maporomoko yaliyo kati ya Kinshasa ya leo na bahari. Hapo Kongo, mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji, unabanwa na milima na kushuka kwa kishindo. Mitumbwi iliburutwa nchi kavu, ikashushwa kwa kamba, na penye nafuu ikapigwa kasia. Mwishoni mwa Machi mtumbwi mmoja ulichukuliwa na mkondo ukapitiliza juu ya poromoko. Ndani yake alikuwamo Kalulu, kijana ambaye Stanley alikabidhiwa huko Unyanyembe akiwa mtoto mwaka 1871, akasafirishwa hadi Uingereza, kisha akarudishwa Afrika kwa safari hii. Poromoko lile likapewa jina lake.

Tarehe 3 Juni ikafika zamu ya Frank Pocock, Mwingereza wa mwisho aliyekuwa bado hai mbali na Stanley mwenyewe. Vidonda vya miguu vilimzuia kutembea, naye hakutaka kubebwa, akapanda mtumbwi ulioitwa Jason. Karibu na poromoko la Massassa Uledi alisimamisha chombo, akashuka, akatembea juu ya miamba na kuyatazama maji. Aliporudi alisema hapapitiki. Pocock akabisha, akawaambia mabaharia kuwa wanaogopa. Wakaenda. Mtumbwi ukamezwa na kimbunga cha maji, Uledi akajaribu kumshika Pocock, mkondo ukawatenganisha, na Pocock akafa.

Lile tendo la Uledi la kushuka, kupanda mwambani, kutazama na kurudi na jibu, ndilo kila mshindani wa slalomu analofanya hadi leo. Kanuni za mashindano makubwa hazimruhusu kufanya mazoezi kwenye njia ya shindano baada ya milango kupangwa. Anaruhusiwa kutembea ukingoni. Anasimama juu ya kila lango, anatazama maji yanapojikunja nyuma ya jiwe, yanapopanda na kujivunja, yanapotulia kwa nusu hatua. Anafumba macho na kuipiga kasia njia nzima kichwani. Kisha anaingia mara moja. Uledi hakuwa na lango wala saa. Alikuwa na kipaji hichohicho, na alikitumia kuokoa watu. Stanley aliyaandika matendo hayo ya uokoaji, na ni zaidi ya kumi, ya wenzake aliowaopoa kwenye Kongo. Alipofika Zanzibar mwishoni mwa 1877 hapakuwa na chama wala klabu ya kumpokea mtu mwenye kipaji cha namna hiyo. Hapakuwa na mahali pa kukifundisha kwa wengine.

Ziwa la makasia

Kwenye Ziwa Victoria hali ilikuwa tofauti, kwa sababu huko kulikuwa na dola zilizothamini kasia. Buganda ilikuwa na jeshi zima la majini, na mkuu wake alikuwa Gabunga, kiongozi wa ukoo wa Mamba. Mafundi wa visiwa vya Ssese waliunda mitumbwi mirefu kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi za mti, bila msumari hata mmoja. Chini kulikuwa na mkuku uliochomoza mbele, na juu ya ncha yake mara nyingi zilipachikwa pembe za swala. Wapiga kasia walikaa wawiliwawili, wakavuta kwa wimbo. Mwaka 1875 Stanley alishuhudia Kabaka Mutesa akipeleka mamia ya mitumbwi hiyo kuwapiga Wavuma, watu wa visiwani ambao kwa upande wao waliwatesa sana Waganda majini kwa mitumbwi michache zaidi.

Desturi hiyo ya nguvu za pamoja haijafa. Kanda ya Ziwa yetu imekuwa na mbio za mitumbwi kwa miaka mingi, na zile zilizodhaminiwa na bia ya Balimi zilizikutanisha timu za Mwanza, Ukerewe, Musoma, Bukoba na hata Kigoma, wanaume na wanawake. Umati hujaa ufukweni kama ulivyojaa kwenye ngoma za ushindani za makundi ya Bagika na Bagalu, kwa sababu Msukuma na mashindano hawajawahi kuachana. Lakini tofauti na slalomu ni kubwa. Mbio za mitumbwi ni mstari ulionyooka, watu wengi, mgongo na mapafu. Slalomu ni mtu mmoja na kona.

Nguzo juu ya ziwa tulivu

Mchezo wenyewe ulizaliwa Uswisi. Tarehe 11 Septemba 1932, kwenye ziwa Hallwil, watu waliokuwa wakipenda mashindano ya kuteleza juu ya theluji kwa kupinda kati ya vijiti walijiuliza kwa nini kiangazi wasifanye vilevile majini. Wakasimika nguzo, wakazipita kwa mitumbwi. Maji yalikuwa tulivu kabisa. Mto wenye kasi uliingia baadaye kidogo, baada ya watu kujua nini cha kufanya na nguzo. Naomba msomaji wa Kanda ya Ziwa auweke akilini mpangilio huo, maana kwetu mara nyingi tunasikia kwamba mchezo wa maji ya kasi hauwezi kuanza bila maji ya kasi.

Chombo kilikuwa na historia ndefu zaidi. Kayaki ni uvumbuzi wa Wainuit wa kaskazini ya mbali, wawindaji wa sili, ambao walijua kujiinua wakipinduka bila kutoka chomboni kwa sababu maji yao yanaua kwa baridi. Mwaka 1927 Mwaustria Edi Hans Pawlata alifaulu kuufanya ujanja huo baada ya kuusoma katika maandishi ya wasafiri, na polepole ukaenea Ulaya. Mashindano ya kwanza ya dunia ya slalomu yalifanyika Geneva mwaka 1949.

Olimpiki ya Munich mwaka 1972 ndiyo iliyoubadilisha kabisa. Wajerumani wa Magharibi walijenga Augsburg mfereji wa saruji, wa kwanza wa aina yake, wenye vizuizi vya kuyachafua maji kwa makusudi. Wajerumani wa Mashariki wakaja kuutazama, wakachukua vipimo, wakarudi kwao na kujenga mfano wake Zwickau, wakaufanyia mazoezi kimya kimya. Siku ya mashindano walizoa medali zote nne za dhahabu. Tangu hapo ikaeleweka kwamba anayeumiliki mfereji anakaribia kuimiliki medali. Mfereji ni ghali, na kwa kiasi fulani ndiyo sababu slalomu iliondolewa Olimpiki kwa miaka 20. Ilirudi Barcelona mwaka 1992, kwenye mji mdogo wa La Seu d'Urgell ulio chini ya milima ya Pyrenees.

Shindano linakwenda hivi. Njia ina urefu wa mita mia mbili hadi mia nne hivi, na milango kati ya 18 na 25. Milango ya kijani na nyeupe hupitwa kwa kushuka na mkondo. Milango nyekundu na nyeupe, isiyopungua sita, hupitwa kwa kupanda dhidi ya mkondo. Ukigusa nguzo, hata kwa ncha ya kasia, unaongezewa sekunde 2. Ukikosa lango, sekunde 50, na siku yako imekwisha. Chombo kina urefu wa mita 3.5 tu, kimetengenezwa kwa nyuzi za kaboni, kinabebeka kwa mkono mmoja. Kiunoni kuna sketi ya mpira inayoziba tundu la kukalia ili maji yasiingie. Mshindani anakiongoza chombo kwa nyonga zaidi kuliko kwa mikono. Kwenye lango la kupanda anakita kasia katika maji yanayorudi nyuma, analalia upande, pua ya kayaki inanyanyuka, mkia unazama, na chombo kizima kinageuka papo hapo huku kichwa cha mshindani kikipita sentimita chache kutoka kwenye nguzo. Wale bora humaliza yote kwa kama dakika moja na nusu.

Mtogo wa Toulouse

Kazi ya maisha ya mpiga kasia inayotufaa kuitazama kwa karibu ni ya Benjamin Boukpeti. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1981, baba Mtogo na mama Mfaransa. Alikulia kwenye mfumo wa Ufaransa, akafanya mazoezi Toulouse, katika nchi ambayo huenda ndiyo ngumu kuliko zote kwa kijana wa slalomu anayetaka kuingia timu ya taifa. Fikiria Athens 2004: katika kayaki ya wanaume Mfaransa Benoît Peschier alichukua dhahabu, na Mfaransa mwingine, Fabien Lefèvre, akachukua shaba. Nyuma yao walikuwepo wengine wengi wenye uwezo wa kuvaa jezi ya nchi nyingine yoyote. Boukpeti akavaa ya nchi ya baba yake. Athens aliishia nusu fainali, nafasi ya 18.

Miaka minne iliyofuata ni ile ambayo kwenye orodha za matokeo haionekani, na ndiyo yenye uzito. Mshindani wa nchi isiyo na shirikisho tajiri hupanga safari zake mwenyewe, hutafuta kocha wa kumvumilia, hufanya mazoezi kwenye mifereji ya wengine saa ambazo wenyewe wamemaliza. Faida ya Boukpeti ilikuwa kwamba mifereji hiyo ilikuwa karibu na nyumbani.

Tarehe 12 Agosti 2008, kwenye uwanja wa Shunyi nje kidogo ya Beijing, Boukpeti aliongoza nusu fainali. Wakati ule muda wa nusu fainali na wa fainali ulijumlishwa, kwa hiyo aliingia fainali akiwa wa mwisho kushuka na akijua kwamba jina lake liko juu. Njia yake ya mwisho haikuwa safi kama ya kwanza. Alexander Grimm wa Ujerumani alimpita, na Lefèvre akampita kwa sehemu 15 za mia za sekunde, muda ambao hautoshi hata kupepesa jicho. Shaba ilikuwa yake. Alipoona namba ubaoni alilipiga kasia juu ya kayaki yake kwa mikono miwili, likavunjika. Hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya Togo, na hadi leo ni ya pekee. Miaka minne baadaye, London, alibeba bendera ya Togo kwenye ufunguzi na kushindana tena.

Wapo waliosema kwamba medali ile ni ya Ufaransa iliyovikwa bendera nyingine, kwa kuwa kabla yake Boukpeti aliwahi kuikanyaga Togo mara moja tu, utotoni. Sikubaliani nao. Alichagua, akalibeba jina la Togo kwa zaidi ya muongo mmoja, akashindwa nalo kabla ya kushinda nalo. Damu ya baba haihitaji kibali cha mtazamaji wa televisheni. Lakini swali lililo nyuma ya maneno hayo ni la haki, kwa sababu waliomfuata wana wasifu unaofanana. Jonathan Akinyemi, aliyeishindania Nigeria London 2012, ni wa Uingereza kwa kuzaliwa. Jean-Pierre Bourhis, aliyeiwakilisha Senegal Rio mwaka 2016, ni mzaliwa wa Ufaransa. Mwafrika aliyeanza kwenye mto wa Afrika na kufika kwenye milango ya Olimpiki ni nadra. Siboniso Cele wa Afrika Kusini, aliyeshuka Rio pamoja na Cameron McIntosh katika mtumbwi wa watu wawili, ni mmoja wao, na alitoka katika nchi ambayo kwa vizazi kadhaa imekuwa na klabu, mashindano ya mitoni na maduka ya kayaki.

Jinja na nguvu za umeme

Basi kwa nini mtu wa kwanza wa namna hiyo hakutoka Jinja? Hakuna sehemu ya Afrika Mashariki yenye maji ya kuvutia zaidi. John Hanning Speke, aliyeliona ziwa kwa mara ya kwanza kutoka upande wa Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, alifika kwenye mlango wake wa kutokea tarehe 28 Julai 1862. Aliandika juu ya samaki waliokuwa wakiruka kwa maelfu kwenye poromoko, wavuvi wa Kisoga na Kiganda waliosimama miambani na ndoana, viboko na mamba waliojilaza majini. Poromoko hilo halipo tena. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954, lililizamisha.

Maporomoko yaliyobaki chini yake yakaanza maisha mapya katikati ya miaka ya 1990, kampuni za watalii zilipoleta boti za mpira. Vijana wa vijiji vya Bujagali waliajiriwa kubeba vifaa, kisha kuwa waokoaji kwenye kayaki, kisha wakaanza kuwafundisha wageni. Wengine walikuwa wakijitosa kwenye poromoko wakiwa wamekumbatia dumu la plastiki ili watalii wawalipe, kazi ya hatari isiyostahili kusifiwa, lakini inayoonyesha jinsi walivyoyajua maji hayo. Kutoka kizazi hicho walitokea waendesha kayaki wa daraja la juu, akiwamo Sadat Kawawa, na wimbi liitwalo Nile Special likawavuta mabingwa wa dunia kuja Uganda kila mwaka.

Jambo moja huwapita wengi. Ubingwa wa Waganda ulikuwa wa mtindo huru, ule wa kucheza juu ya wimbi moja kubwa kwa kupinduka na kuruka, na sababu ni mto wenyewe. Nile ya Jinja hupitisha mamia ya mita za ujazo kwa sekunde, mara nyingine zaidi ya elfu. Mfereji wa slalomu kwa kawaida haufiki 20. Huwezi kuning'iniza nguzo juu ya poromoko la Itanda ukategemea mtoto wa miaka kumi ajifunze kugeuka nyuma ya jiwe. Maji makubwa hutengeneza majasiri. Slalomu hutaka maji madogo, yenye mawe mengi, yanayorudiwa mara elfu moja bila kumwogopesha mwanafunzi.

Halafu hata hayo makubwa yakaanza kuondoka. Bwawa la Bujagali, la megawati 250, lilizinduliwa Oktoba 2012. Katika makubaliano yake Uganda iliahidi kuyatunza maporomoko ya Kalagala kama fidia ya yale yaliyozama. Machi 2019 likazinduliwa bwawa la Isimba, megawati 183, na maji yake yalipopanda yakaimeza Nile Special. Siwezi kuandika dhidi ya umeme. Mama anayejifungua usiku kwenye zahanati ya kijijini anauhitaji kuliko mimi ninavyohitaji wimbi. Ila ni kweli pia kwamba kila mkondo uliofaa kwa kayaki katika ukanda wetu una mhandisi aliyeuona kwanza: Rusumo kwenye Kagera, na korongo la Stiegler kwenye Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 lilianza kujazwa tarehe 22 Desemba 2022. Nasikitika zaidi kwamba katika miradi hii yote mfereji mdogo wa michezo pembeni ya bwawa haukuwa sehemu ya mazungumzo, wakati gharama yake ni tone ndani ya mabilioni hayo. Ulaya mifereji kadhaa ya slalomu hunyweshwa na maji ya mabwawa na mitambo.

Sagana

Kenya ilikuwa na mto unaofaa kwa slalomu. Tana, ikiwa bado changa, inateremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare kupitia Sagana, saa moja na nusu au mbili hivi kutoka Nairobi. Ni mto wa wastani, una miamba, una mabwawa ya asili ya kutulia kati ya mkondo mmoja na mwingine. Kambi ya Savage Wilderness imekuwa hapo tangu miaka ya 1990, na nyaya za milango zikatandazwa juu ya maji. Mwaka 2015 Sagana ilipokea mashindano ya slalomu ya Afrika, yaliyokuwa ya kufuzu Rio.

Katika historia nzima ya mchezo huu, huo ni wakati unaonigusa kuliko medali ya Beijing. Bara zima, mara hii, lilikuja kushindania nafasi za Olimpiki kwenye mto wa Afrika Mashariki, mbele ya watu waliozoea kuona pikipiki na magunia ya mchele wa Mwea yakipita barabarani. Wakenya waliingia mtoni wakiwa kwao. Nafasi hazikubaki kwao. Waliokuwa wamekulia kwenye mifereji ya Ulaya walizichukua nyingi, na Afrika Kusini ikachukua yake. Sioni aibu hapo. Mwenyeji aliyejifunza akiwa kijana wa kuajiriwa na kambi alishindana na mtu aliyeingia klabu akiwa darasa la pili.

Mtoto wa Maswa

Turudi Tanzania. Medali zetu mbili za Olimpiki, za Filbert Bayi na Suleiman Nyambui, zote za fedha, zilipatikana Moscow mwaka 1980, na zote kwa miguu. Mbio zilitufaa kwa sababu hazikudai chombo. Slalomu inadai chombo, maji na, kabla ya vyote, kujua kuogelea.

Hapo ndipo pagumu kwa mkoa wa Simiyu, ambao kwa sehemu kubwa ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Wakati wa kiangazi mto uliompa mkoa jina lake hugeuka mchanga mtupu, na akina mama wa vijiji vingi huchimba visima vya mkono ndani ya mchanga huo ili wapate ndoo moja. Masika yakija, mto uleule hufurika kwa saa chache, hubeba mifugo na mtu anayelazimisha kuvuka. Malambo yana kichocho. Ziwani kumbukumbu ni nzito zaidi: MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, na katika kila familia ya Kanda ya Ziwa kuna anayemjua aliyepotelewa na ndugu. Mzazi wa Ipililo anayemkataza mwanawe kusogelea maji ana sababu nzuri kuliko hoja yoyote ya michezo.

Na bado naiona nafasi. Simiyu si mkoa wa bara tu. Wilaya ya Busega inagusa Ghuba ya Speke, na Lamadi iko ufukweni, kwenye barabara kuu ya Mwanza na Musoma, hatua chache kutoka lango la Ndabaka la Serengeti. Kule Hallwil walianza na nguzo na maji tulivu. Kwenye kona ya ghuba iliyokaguliwa kuhusu mamba na kichocho, kwa jaketi za kuokolea zinazotosha kila mtoto na mwalimu wa kuogelea kabla ya mwalimu wa kasia, nguzo kumi na mbili zinaweza kuning'inizwa kwenye kamba kati ya maboya. Mafundi wa mitumbwi wanaojua mbao na gundi ya nyuzi wako Mwanza. Waogeleaji waliofunzwa wako kwenye vikosi vyetu vya majini na vya uokoaji. Mtoto atakayekaa kwenye kayaki hapo hatajifunza Olimpiki mwaka wa kwanza. Atajifunza kupinduka na kujiinua, kupanda tena chomboni, kumvuta mwenzake hadi ufukweni, mambo ambayo yangeokoa maisha hata kama mlango wa nyekundu na nyeupe usingekuwepo.

Ukifika mwaka wa tatu au wa nne, wale wanaogeuka bila kugusa nguzo wapelekwe Sagana. Kwa barabara ni safari ya siku mbili kupitia Sirari, ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, bila viza. Wakae likizo nzima na vijana wa Tana, washindane nao, washindwe, warudi tena likizo inayofuata. Boukpeti alifika Olimpiki ya kwanza akiwa na miaka 23 na akapanda jukwaani akiwa na 27, baada ya utoto mzima ndani ya chombo. Kwa hesabu hiyo, anayetafutwa sasa Busega au Maswa ni mtoto wa miaka tisa au kumi, na kitu cha kwanza cha kumpa ni masomo ya kuogelea.